Kisima Nilichokifuta kwa Wembe

Nimestaafu mwezi uliopita, na tayari Nasibo amenipigia simu mara tatu kuuliza ufunguo wa kabati la karatasi kubwa uko wapi. Uko pale pale ulipokuwa siku zote, nyuma ya kalenda. Nimeona niandike haya kabla hamjalivunja kabati lenyewe. Nawaandikia ninyi mliobaki katika ofisi yetu ya ramani hapa Isiolo, mnaochora kwa kompyuta na ambao hamjawahi kurudi nyumbani na wino kwenye kola. Siwaonei wivu. Labda kidogo tu, kwa sababu ya vile viti mlivyonunuliwa juzi.

Vyeo vyangu mtavikuta kwenye faili, kama panya hawajamaliza. Mimi nataka kuwaeleza habari ya vifaa, ya mzee mmoja aliyenifundisha kazi, na ya kosa moja lililokaa ukutani kwetu, ndani ya fremu, miaka yote hiyo, huku ninyi mkipita mbele yake kila asubuhi mkienda kuchukua chai.

Nilishuka Isiolo kutoka Meru nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Kwetu watu walikuwa wakisema "kule chini", kwa sauti ya kumsindikiza mgonjwa, ingawa ni mteremko tu wa barabara. Nilivaa sketi iliyopigwa pasi na viatu vyeupe. Upepo wa Isiolo ukanipokea stendi, ukaninyang'anya bahasha ya cheti changu cha chuo na kuirusha hadi uani kwa hoteli moja, ambako mpishi aliikanyaga kwa mguu ili isiende mbali zaidi. Cheti hicho bado kina alama ya ndala yake.

Ofisi wakati huo ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye meza sita za kuchorea, zilizoinama kama paa la banda. Madirisha hayakufunguliwa kwa sababu ya upepo. Hata hivyo kila mchoraji alikuwa na mawe yake ya mtoni ya kukandamizia karatasi, maana mlango ukifunguliwa tu, kata nzima ingeweza kuruka na kutua kwenye meza ya mwenzako. Kuchukua jiwe la mtu lilikuwa kosa kubwa kuliko kuchelewa kazini. Mimi nilipewa meza ya mwisho, karibu na choo, bila jiwe hata moja.

Mkubwa wetu alikuwa Mzee Galgalo, Mborana wa upande wa Merti. Alikuwa mwembamba, kofia nyeupe kichwani, na katika mfuko wa shati alikuwa na daftari dogo lililofungwa kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Alikuwa ameanza kazi akiwa kijana, akiwabebea wapimaji Wazungu mnyororo wa kupimia, na alijifunza kwa kutazama mpaka siku moja wakagundua kwamba hesabu zake ndizo sahihi na zao sizo. Hilo alilisimulia mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Siku ya kwanza hakunipa kalamu ya wino. Alinipa penseli na karatasi.

"Umesoma wapi?"

"Nairobi, mzee."

"Sawa. Nichoree njia ya kutoka kwenu mpaka hapa."

Nilichora saa mbili nzima. Niliweka kila kona ya barabara, soko, shule, kanisa letu na msalaba wake juu. Nilijua kuchora, na nilitaka ajue kwamba najua. Akaichukua karatasi, akaiweka mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Barabara iko. Soko iko. Kanisa iko, tena na msalaba. Maji iko wapi?"

Nikamwambia mito ipo njiani, ila sikuona kama ni muhimu kwa mtu anayekwenda ofisini.

"Sasa mtu akishikwa na kiu hapa kwa karatasi yako, atafanya nini? Atakunywa kanisa?"

Chumba kizima kilicheka. Nilikasirika mpaka jioni. Kesho yake nilikuta mawe manne ya mtoni juu ya meza yangu, yameoshwa.

Chuoni walikuwa wametufundisha historia ya kazi hii, na niliipenda kuliko hesabu. Tulijifunza habari za watu wa zamani sana waliochora mashamba yao kwenye udongo mbichi na kuuoka kama vigae, za ramani zilizochorwa kwenye ngozi za wanyama, na za mabaharia waliochora pwani kwa makini na kulijaza bara mazimwi kwa sababu hawakujua kuna nini. Nilipomwambia Mzee Galgalo kwamba Waarabu wa kale waliweka kusini juu ya karatasi, hakushangaa. Alisema hata yeye huiweka kusini juu akitoka Merti kuja Isiolo, kwa kuwa ndiko anakokwenda. Na ramani ya kwanza ya dunia, kwa maoni yake, ilichorwa mchangani kwa fimbo na mchungaji, ikafutwa na mbuzi.

Mwalimu wetu mmoja alitusimulia jinsi mtu fulani alivyochora safu ya milima huko magharibi mwa Afrika, milima ambayo haikuwapo. Wachoraji wengine wakainakili, na waliokuja baadaye wakanakili nakala, vizazi kwa vizazi, hadi mtu alipokwenda kwa miguu yake akakuta tambarare. Darasa zima tulicheka. Nakumbuka nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Katika lile kabati, droo ya chini kabisa, kuna karatasi za wakati wa ukoloni. Zitazameni siku moja mkiwa na nafasi. Isiolo mjini imechorwa mpaka zizi la ngamia wa serikali, halafu ukipanda kaskazini karatasi inazidi kuwa nyeupe, na kwenye weupe wameandika kwa Kiingereza kwamba nchi hii haijapimwa. Siku ya kwanza Mzee Galgalo aliponionyesha, aliweka kidole katikati ya ule weupe.

"Hapa ndio nilizaliwa," akasema, kisha akarudisha droo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Yeye na vijana wake walikwenda porini na meza ya miguu mitatu, wakapima pembe na umbali, naye akaandika yote katika daftari: mchoro ukurasa wa kulia, maelezo nyuma yake. Wakirudi, mimi nilihamisha mchoro kwenye ile plastiki nyembamba ya kuchorea kwa kalamu ya wino yenye ncha kama sindano. Ukisita, wino unavimba. Ukipiga chafya, umeongeza kilima. Ukikosea, unachukua wembe mpya, unaulaza karibu kabisa na plastiki na kukwangua wino polepole, halafu unasugua pale kwa kucha ili pawe laini tena. Katika wembe hakuna aliyenifikia. Wenzangu waliniletea makosa yao kama watu wanavyompelekea mshonaji suruali zao, na nilirudisha karatasi ambayo huwezi kujua iliwahi kuwa na doa.

Jambo moja sikupewa, nalo ni safari. Walisema hakuna hema la mwanamke. Mwaka wa kwanza nililalamika, wa pili nilinung'unika, wa tatu nikazoea. Nilichora laga za Merti, mito mikavu inayopitisha maji mvua ikinyesha tu, mpaka nikazijua kwa moyo, na sikuwahi kukanyaga mchanga wa hata moja. Watu walisema Kathure anachora Merti kama amezaliwa huko, nami nikaamini.

Kesi ngumu hazikukosekana. Mara moja tulirudishiwa karatasi ya upande wa Garbatulla na mkaguzi kutoka Nairobi aliyekwenda kutafuta kijiji nilichokichora, akakuta kwato na majivu. Kijiji kilikuwa kimehama na jina lake, kwa sababu jina lilikuwa la mzee mwenye boma na mzee alikuwa amefuata majani. Mkaguzi aliandika barua kali. Mzee Galgalo akamjibu kwamba kijiji kipo, kinaendelea vizuri, na kinamsalimia.

Mara nyingine wazee wa pande mbili walikuja kutoka Kipsing wakigombania mti mmoja wa kivuli, kila upande ukisema uko ndani ya mstari wake. Nilipima. Kwenye karatasi zetu unene wa milimita moja ni hatua nyingi sana kule nje, na mti wao ulikuwa umeingia wote ndani ya mstari wangu. Nikawaambia, "Wazee, mti wenu uko ndani ya wino." Wakatazamana, kisha mmoja akauliza kama wino una mwenyewe. Walikubaliana mifugo ya pande zote ipumzike hapo. Siwezi kusema nilitatua mimi.

Sasa nifike kwenye lile nililolikusudia, maana naona nazunguka.

Zilikuja picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, masanduku mazima. Uliweka picha mbili sambamba, ukainamia miwani ya mezani yenye miguu ya chuma, na ghafla nchi ikainuka: vilima vikasimama, laga zikazama, ukaona mpaka kichuguu. Nilipagawa. Kwa mara ya kwanza nilikuwa naiona nchi niliyokuwa nikiichora, tena kutoka juu, kama ndege tai. Nilikula chakula cha mchana nikiwa nimeinama pale.

Wakati huo nilikuwa namalizia karatasi ya upande wa Merti, kubwa kuliko zote nilizowahi kufanya. Katika daftari la Mzee Galgalo, kwenye kona ya laga moja ng'ambo ya kijiji cha Biliqo, kulikuwa na duara dogo la penseli na jina: Ela Guyo, yaani kisima cha Guyo. Nilikuwa nimeshalichora kwa wino wa buluu. Nikaenda kwenye miwani kuhakikisha. Kwenye picha kona ile ilikuwa mchanga mweupe ukingo hadi ukingo, bila shimo, bila njia ya ng'ombe, bila hata alama ya kwato. Nilitazama mara tatu.

Picha hizo zilikuwa na tarehe pembeni, na tarehe ilisema zilipigwa mara tu baada ya mvua. Niliiona. Mzee Galgalo alikuwa Garbatulla kwa wiki kadhaa, na Nairobi walikuwa wanataka karatasi upesi. Ningeweza kumngoja. Lakini nilijiambia kwamba picha haikosei, na kwamba mzee ameanza kuchoka macho. Nasema wazi kwamba nilimdharau. Nikachukua wembe, nikakifuta kisima, nikasugua kwa kucha. Hakikubaki kitu.

Mzee aliporudi nilimpelekea karatasi ili aisaini. Alikuwa na desturi ya kukagua kila karatasi na daftari mkononi, siku nzima, akitia alama ya penseli kila jina. Hii hakuikagua. Aliitazama kwa mbali, akatabasamu, akasema, "Wewe umechora, mimi nitakagua nini?" Akasaini. Nilifurahi mno. Nakala yake ikatiwa fremu na kutundikwa ukutani, na wageni wote walioneshwa.

Alistaafu muda mfupi baadaye akarudi kwao. Alipofariki, alizikwa siku ile ile kama ilivyo desturi ya Waislamu, na habari ilinifikia Meru nikiwa likizo, siku mbili baadaye. Mawe yake ya mtoni niliyaongeza kwenye yangu.

Miaka ikaja na mambo yake. Kalamu za wino zikakauka. Ililetwa meza ya umeme, tukaitandika karatasi juu yake na kufuata kila mstari kwa kifaa kama kipande cha sabuni, na nchi ikaingia kwenye kompyuta. Kisha picha za setilaiti, kisha vile vifaa vya mkononi vinavyojua mlipo kuliko mnavyojua wenyewe, na leo kila mtoto wa Isiolo ana ramani kwenye simu. Kila mara nchi ilipohamishwa kutoka chombo hiki kwenda kile, upande wa Merti walinakili karatasi yangu, kwa sababu ilikuwa safi.

Ilikuwa imebaki miezi minne nistaafu. Mwanakandarasi mmoja alikuwa ameomba ruhusa ya kuchota mchanga wa ujenzi katika kona ya laga ng'ambo ya Biliqo, na kamati inayotoa ruhusa hizo ilitaka kwetu ramani ya mahali hapo. Nasibo, ambaye kwao ni huko huko Merti, aliichapisha: mchanga mtupu. Kamati ilikuwa ikutane baada ya wiki mbili.

Asubuhi moja akaingia mama mzee, mtandio wa rangi ya manjano, miguu imejaa vumbi. Alikuwa amesafiri juu ya lori la mbuzi.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, mama. Karibu ukae."

"Sitaki kukaa. Mimi ni Halima, natoka Biliqo. Nimeambiwa kwa baraza ya chifu ati kisima ya baba yangu haiko."

"Haiko wapi?"

"Kwa karatasi yenu. Chifu anasema lori itakuja kubeba mchanga, kwa sababu karatasi inasema hapo hakuna kitu. Na mimi hiyo kitu nimeikunywa tangu nizaliwe."

"Kinaitwaje, mama?"

"Ela Guyo. Guyo ndio baba yangu."

Nilishika ukingo wa meza. Nasibo alikuwa ameshafungua picha ya setilaiti, akageuza kioo cha kompyuta kumwelekea mgeni.

"Akko," akamwambia, kwa heshima, maana ndivyo Waborana wanavyomwita nyanya, "hebu angalia. Hapa ni mchanga tu."

"Si mvua imenyesha juzi?" Halima akasema. "Maji ikikuja inajaza mchanga. Kiangazi ikifika tunachimba tena, hapo hapo. Watu wa Guyo ndio wanafungua, halafu kila boma inapewa siku yake ya kunywesha. Wakibeba mchanga, maji itakaa wapi?" Akanigeukia mimi, labda kwa sababu ya mvi. "Kisima ikifunikwa si imelala tu? Mtu akilala, mnafuta jina yake?"

Nilimwambia tutaangalia, neno ambalo ninyi na mimi tunajua maana yake, nikaenda kusimama mbele ya ile fremu. Nilikuwa najua tayari kwamba karatasi hiyo ingekuwa zawadi yangu ya kuagwa, na hotuba ilikuwa imeshaandikwa. Niliwaza njia rahisi. Nikamwambia Nasibo, kana kwamba ni jambo dogo, "Weka tu alama hapo, basi yaishe."

"Siwezi, Madam," akasema. "Mimi ni wa huko. Nikiongeza kisima leo, baada ya ombi kuletwa, watasema nimewapendelea watu wetu. Kisima itatupwa, na mimi pia. Lazima kuwe na kitu ya zamani."

Alisema kweli. Nikachukua ufunguo nyuma ya kalenda.

Daftari lilikuwa chini ya karatasi za ukoloni. Ule ukanda wa mpira ulikuwa umeshikamana na jalada, ukakatika mikononi mwangu. Nikaukuta mchoro kama nilivyoukumbuka, kona ya laga, duara la penseli. Nikageuza ukurasa, jambo ambalo sikulifanya mara ya kwanza kwa haraka zangu za ujana. Nyuma, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa, aliandika: "Ela Guyo. Mvua hukifunika. Kiangazi huchimbwa tena hapo hapo. Usikiache."

Nililia, na Nasibo akafunga mlango ili wengine wasinione.

Siku tatu baadaye tulikwenda Biliqo kwa gari la ofisi, mimi, Nasibo na Halima. Ndiyo ilikuwa safari yangu ya kwanza katika nchi niliyoichora. Vilima nilivijua kwa migongo yake, nikawa sivitambui nyuso. Nilimwuliza dereva jina la kilima kimoja kikubwa, akanitazama akadhani namtania. Jina hilo nilikuwa nimeliandika mimi.

Nasibo alikuwa amepiga hesabu kutoka kwenye vipimo vya daftari na kuziingiza kwenye kifaa chake. Akashuka lagani, akatembea akikitazama, akasimama. "Ni hapa."

Halima hakumjali. Alisimama ukingoni, akalinganisha pengo la kilima upande ule na mti mkavu upande huu, akashuka akihesabu kwa midomo, akachomeka fimbo. Ilikuwa hatua tano kutoka kwa Nasibo.

"Mashine yako imekosea kidogo," akamwambia. "Si vibaya. Bado ni mpya."

Wanawe, waliokuwa wakitungoja na koleo, wakachimba penye fimbo. Mchanga wa juu ulikuwa mkavu, wa chini ukaanza kushikana, halafu koleo likagonga magogo, yale ambayo Guyo mwenyewe alikuwa ameyapanga kuzuia kuta zisiporomoke. Nilishindwa kungoja zaidi.

"Mama Halima," nikasema, "kisima hiki kilikuwa kwenye karatasi. Mzee Galgalo alikiandika. Mimi ndiye nilikifuta."

Wanawe waliacha kuchimba. Yeye alinigeukia.

"Galgalo alikunywa maziwa hapa, kwa mkono ya mama yangu," akasema. "Kwa nini ulifuta?"

"Picha haikukionyesha."

"Na wewe ulikuja kuangalia?"

"Sikuja."

Maji yalipoanza kujikusanya, Halima alimwaga ya kwanza yenye matope, akangoja yatulie, akachota kwa kikombe cha plastiki cha kijani na kunipa mimi kabla ya wanawe. Yalikuwa baridi na yalikuwa na ladha ya mti.

"Kunywa yote," akasema. "Ndio usisahau tena."

Siku ya kamati ukumbi ulijaa. Mwakilishi wa mwanakandarasi, kijana mtanashati, alinyanyua simu yake. "Hata hapa hakuna kisima," akasema. "Ramani ya dunia nzima hii."

Nikasimama. "Hiyo simu imenakili kompyuta," nikasema, "na kompyuta imenakili karatasi yangu." Nikawasomea ukurasa wa daftari, mbele na nyuma. Kisha nikaitandaza ile plastiki ya kwanza niliyoichora kwa mkono, nikaibandika kwenye kioo cha dirisha, jua likapita ndani yake. Kwenye kona ya laga paliwaka kidoa kilichofifia, kidogo kama punje ya dengu, pale wembe ulipokwangua. Nimesema hakuna aliyenifikia kwa wembe, lakini ukiweka plastiki juani utaona kila nilichowahi kufuta. Wajumbe walikuja mmoja mmoja kutazama, mpaka yule kijana wa simu.

"Kwa hivyo ofisi ilikosea?" mwenyekiti akauliza.

"Ofisi haikukosea. Nilikosea mimi, Kathure. Mzee alinionya ukurasa wa nyuma na sikuugeuza."

Kona ile ilikataliwa. Mwanakandarasi alioneshwa mahali pengine, chini zaidi, ambako wazee wenyewe walithibitisha hakuna mtu anayechota maji. Halima alikuwa amekaa nyuma. Alipopita karibu yangu aligusa mkono wangu, akatoka kutafuta lori la kumrudisha.

Siku ya kuniaga mlinipa fremu hata hivyo. Niliona mlivyokuwa mkitazama chini hotuba iliposifu usafi wa karatasi, na nawashukuru kwa kutocheka. Nilipofika nyumbani niliifungua nyuma, nikaitoa karatasi, nikatafuta kalamu yangu ya zamani na kuiloweka maji moto nusu siku mpaka ikakubali kutoa wino. Nilichora duara la buluu kwenye kona ya laga na kuandika Ela Guyo. Mkono wangu si ule wa zamani. Ulisita, wino ukavimba, na sasa kuna doa kubwa kuliko kisima chenyewe.

Jirani yangu alipoiona ukutani sebuleni alisikitika, akasema nimeiharibu ramani nzuri namna hii, na akaniuliza kwa nini sikulitoa doa kwa wembe. Nikamwambia wembe nimeutupa. Nikamwonyesha kwa kidole Merti, Biliqo, vilima vyote na laga zote nilizozichora bila kuzijua, halafu lile doa la buluu. Katika karatasi hiyo nzima, hapo tu ndipo nimewahi kunywa maji.